Ua Lililowaka Kwenye Dashibodi

Salha mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia. Uko hapo ghorofani juu ya kichwa changu, unaburuta sanduku kutoka chumba hiki kwenda kile, unacheka na rafiki zako waliokuja kukuaga. Mimi niko huku chini dukani, nyuma ya meza ya uzi, nimeshika kalamu badala ya sindano ya kufumia. Kalamu yenyewe nimeazima kwa jirani. Baba yako yuko nje anazunguka gari. Tangu alasiri ameshazikanyaga tairi zote kwa mguu, akaingia ndani akanywa maji, akatoka akazikanyaga tena.

Kesho alfajiri unaondoka. Nimeliandika neno hilo nikalitazama, moyo ukanidunda, na si kwa huzuni peke yake, nisikudanganye. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Mtoto wangu, mzaliwa wa Kariakoo, ambaye ng'ombe alimjua kwenye mishikaki tu, kesho anakwenda Iringa kuwa daktari wa ng'ombe, na anakwenda akiendesha mwenyewe. Nimewaambia wateja wote leo. Hata yule aliyeingia kuulizia vifungo nimemwambia, na vifungo hatuuzi. Akakuombea dua nzuri, akaondoka na uzi ambao hakuwa na haja nao.

Mambo ya kila siku siyaandiki hapa. Kula utakula, kuswali unajua, masweta nimekufumia mawili na najua utavaa moja. Hayo tumeyasema mpaka ukaniambia, "Mama, basi, nimeelewa," kwa ile sauti yako ya kunifukuza kwa adabu. Nataka kukuandikia habari za gari. Usicheke. Barua hii naiweka kwenye kidroo cha mbele ya kiti cha abiria, mahali pa kile kitabu cha gari. Kitabu chenyewe ni cha Kijapani, na tangu tulinunue gari hili hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kufaidi hata ukurasa mmoja. Nimekitoa. Kuanzia kesho kitabu cha Kibogoyo ni mimi.

Maskini Kibogoyo. Jina ulimpa wewe, siku alipogongwa na mkokoteni wa mchele akapoteza meno mawili ya mbele, na mpaka leo hakuna aliyemrudishia. Lakini ndiye atakayekupeleka, na bila yeye kazi hiyo huna. Walikwambia wazi kwenye simu, nami nilikuwa nimesimama karibu yako nikisikia: wafugaji wako mbalimbali, daktari aje na usafiri wake, na Jumatatu asipofika wanamchukua mwingine. Kwa hiyo ninapoandika habari za vitaa vya gari, jua kwamba naandika habari za kazi yako.

Nianze na kitambaa, maana ndicho kilichoniponza.

Nyumba yetu unaijua. Runinga ina kitambaa, friji ina kitambaa, redio ina kitambaa, jagi la maji lina chake chenye shanga. Ndiyo kazi yetu. Mwenye duka la uzi akiacha vitu vyake uchi, nani atakuja kununua uzi kwake? Basi Kibogoyo alipofika, mweupe, mpya kwetu sisi, nilikaa nikamfumia. Kwenye viti niliweka maua ya njano. Kwenye dashibodi nikaweka kitambaa cheupe chenye mawaridi mekundu, na pembeni kote matamvua marefu ya kuning'inia, yakicheza kila gari linapopita kwenye shimo. Mtaa mzima ulikuja kuangalia. Kuna wanawake waliagiza vya kwao palepale, na mmoja wao hata gari hakuwa nalo.

Baba yako peke yake ndiye aliyeinama mlangoni akasema, "Mama Salha, hayo matamvua hayafuniki vile vitaa?"

Nikamwambia, "Vitaa vyenyewe si haviwaki?"

Nikajiona nimejibu kwa akili kweli. Yeye, unamjua, akijibiwa hivyo huenda zake kuangalia tairi.

Wewe ulikuwa darasa la tatu. Siku hiyo tulikuwa tumevuka Kigamboni kupeleka seti ya bibi harusi, vitambaa vya makochi, vya meza, vya kila kitu mpaka cha mswaki. Tulipokelewa kwa vifijo, tukalishwa pilau, na nikarudi kwenye pantoni nimejaa sifa mpaka kooni. Nakumbuka niliendesha kutoka Kivukoni nimenyoosha shingo, nikitaka watu wanione. Mwanamke na gari lake, na maua yake. Ilikuwa siku nzuri sana, na ndiyo maana sikutaka kitu kiiharibu.

Wewe ukaja ukaegemea kati ya viti viwili ukasema, "Mama, ua linawaka."

Nikatazama. Kweli, waridi moja la pembeni, kushoto, mbele ya usukani, lilikuwa limekolea wekundu kuliko wenzake, lina mwanga kwa ndani. Wallahi nilipendezwa. Nikakwambia, "Hilo ni jua. Kaa vizuri."

Ukakaa. Halafu ukasema tena, taratibu, "Lakini Mama, jua liko huku." Ukaonyesha dirisha la nyuma.

Nikakwambia, "Salha, mimi naendesha."

Basi ukarudi nyuma ukakaa vizuri. Muda mfupi baadaye gari likaanza kugonga kwa ndani, ko-ko-ko, na mimi nikafanya nini? Nikaongeza sauti ya redio. Ilikuwa taarabu nzuri, nikaimba kabisa. Tulipofika Mnazi Mmoja kugonga kukaishinda redio, Kibogoyo akatikisika, akakohoa, akazima katikati ya barabara, na kila mwenye honi Dar es Salaam akaipiga. Vijana wa mikokoteni ndio waliotuokoa. Walitusukuma kutoka pale mpaka mtaa wa Gerezani kwa mafundi, wakiitikiana na kucheka, na wewe umekaa nyuma unawapungia watu mkono utadhani bibi harusi ni wewe.

Fundi alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Kikavu. Akaniuliza, "Mama, taa ya oili haikuwaka?"

Nikasema haikuwaka. Nilisema kwa sauti kubwa, mbele ya watu. Yule fundi akanyanyua tamvua kwa ncha ya kidole ili asilichafue, akafungua swichi, na ile taa ikawaka palepale, nyekundu, nyuma ya waridi langu. Wewe ukasema, "Si nilikwambia ua linawaka?" Gereji nzima ikacheka mpaka mtu mmoja akakaa chini.

Injini ilinoki, ikabidi tutafute nyingine iliyotumika, na miezi mingi nilirudi kubeba uzi kichwani. Kisa hiki unakijua, baba yako anakisimulia kwenye kila harusi, na mimi nacheka pamoja na watu. Lakini baba yako hakuwemo ndani ya gari, kwa hiyo anakisimulia nusu. Anasema nilifunika taa kwa kitambaa. Hilo si kosa kubwa, mtu anaweza kufunika kitu bila kujua. Hajui kwamba mtoto aliniambia, nikamnyamazisha. Hajui kwamba akaniambia mara ya pili, tena kwa hoja, jua liko huku, na nikatumia ukubwa wangu kumfunga mdomo kwa sababu nilikuwa na raha na sikutaka kuondolewa. Miaka yote hii nikikumbuka injini ile silii. Nikikumbuka ulivyorudi kukaa vizuri, mikono mapajani, ndipo roho inaniuma.

Haya, tuache hilo kidogo, mteja ameingia.

Nimerudi. Alitaka uzi wa kijani cha majani, nikampa na habari zako juu.

Sasa nisikilize, kitabu chako cha gari kinaanza. Ile taa ya siku ile ina umbo la birika, lile birika la kahawa la bibi yako, na tone moja linadondoka mdomoni. Nyekundu. Hiyo ikiwaka unaendesha, hakuna kusema nifike pale mbele kwenye kivuli, hakuna kusema nimalizie kilima. Washa taa za pembeni, toka barabarani pole pole, zima injini. Subiri kidogo oili ishuke, upime kwa kijiti. Ikiwa imepungua, ongeza. Kuna galoni moja nyuma, nimeifunga kwenye kanga ili isimwagike. Ukiwasha na birika bado linawaka, zima, mpigie fundi, kaa hapo hapo. Gari linaweza kuvutwa. Ukiendelea kulilazimisha utasukumwa na watu wa mikokoteni, na huko porini Mikumi mikokoteni hakuna, kuna tembo.

Ya moto nayo ni nyekundu, ina kijiti kimetumbukizwa majini. Gari limechemsha. Simama, zima, na tafadhali usikimbilie kufungua mfuniko wa rejeta. Najua mikono yako ina haraka. Maji yale hukurukia usoni. Acha lipoe kabisa, kaa upande wa kivuli, kula maandazi niliyokuwekea. Ya betri, ile ndogo yenye kujumlisha na kutoa, maana yake gari linakula akiba na halichaji. Hiyo haikuui papo hapo, lakini usizime injini mahali pasipo na watu, kwa sababu huenda lisiwake tena. Na ya breki, kwanza angalia kama umesahau hendibreki, kama mimi ninavyoisahau kila Ijumaa. Kama hukuisahau, basi usiende kokote, hasa siku ya kupanda au kushuka ule mlima wa Kitonga.

Za njano zina upole zaidi. Zinakwambia kuna jambo, lifuatilie. Ile yenye umbo la injini ikiwaka na ikatulia, na gari linakwenda vizuri, punguza mwendo, nenda mpaka mjini, mtafute fundi wa kuchomeka mashine asome kosa liko wapi. Ikiwa inapepesa, inawaka na kuzima, na gari linatetemeka, hapo usiifanyie upole, simama. Basi, ndiyo hayo. Nyekundu simama, njano fuatilia. Mengine mengi ni mapambo, mpaka ile ya kukwambia mlango uko wazi, ambayo baba yako anaiogopa kuliko zote.

Na jambo moja ambalo nilijifunza baadaye, kwa kununua gari la pili lile la bluu ambalo halikukaa kwetu hata mwaka. Yule aliyetuuzia alitusifia kwamba halijawahi kuwasha taa hata siku moja. Alisema kweli, maskini ya Mungu: balbu za taa alikuwa ameshazitoa. Kwa hiyo asubuhi kabla ya kupiga stata, fungua swichi tu na usubiri. Lazima ziwake zote pamoja, nyekundu na njano, dashibodi nzima ing'ae. Wapo wanaoshtuka wakiona hivyo. Wewe zihesabu kwa macho kama unavyohesabu vifaranga, uone zote zipo. Isiyowaka hapo ndiyo ya kuiogopa. Kisha piga stata, nazo zitazima zenyewe, na ukiona zimezima hivyo, gari limekupa ruhusa.

Sasa nifike kwenye la jana, ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua hii kama baba yako anavyozunguka gari.

Jana asubuhi duka lilikuwa limejaa. Uliingia kutoka Msimbazi, jasho usoni, funguo mkononi, hukuninong'oneza, hukunivuta pembeni. Ulisema mbele ya kila mtu, "Mama, taa ya injini imewaka. Ile ya njano. Nimepaki, nimezima."

Mwanangu, unajua nilivyokutazama? Nilimwona yule wa darasa la tatu. Nikajisemea, bado anasema. Pamoja na yote, hakuacha kusema.

Baba yako akakaa juu ya gunia la uzi, akavua kofia. "Basi," akasema, "safari ndiyo imekufa hiyo. Wapigie simu uwaambie. Kazi nyingine itapatikana hapa hapa mjini." Wewe ukabaki umesimama, umeng'ata mdomo, na macho yakakujaa maji.

Na mimi nilifurahi.

Nimeiandika na sitaifuta. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilifurahi kwa moyo wote. Nikaona sanduku lako linarudi kabatini. Nikaona Jumapili uko hapa, umekaa kwenye kigoda chako, unaniudhi, unavuruga mafundo ya uzi. Nikaona masweta yote mawili yamening'inia, hakuna baridi ya Iringa. Ile taa niliipenda kabisa, nikaona imekuja kunisaidia. Na wakati huo huo nakuona unavyojikaza usilie mbele ya wateja.

Tukaenda Gerezani, wewe ukiendesha taratibu, mimi pembeni. Ulishangaa nilivyokuwa kimya, ukaniuliza kama naumwa. Fundi Shomari akachomeka mashine yake, akasoma, akasema ni waya wa sensa tu, hauleti habari. Akafungua boneti. Hapo ndipo ulipoanza kucheka, na sikulaumu, maana hata mimi nilijishika kiuno. Panya wa Kariakoo alikuwa amejijengea nyumba ndani ya Kibogoyo, nyumba ya duara, iliyoshikana vizuri, na ameijenga kwa uzi wa duka letu. Waridi, njano, bluu ya bahari, tena sufi ile nzuri, si ile ya bei ya chini. Alipomaliza kujenga akatafuna waya. Ulisema, "Mama, huyu amefuma vizuri kuliko mimi," na kwa kweli amefuma vizuri kuliko wewe.

Fundi akasema anahitaji tepu na kipande cha waya. Mimi ndiye niliyekutuma dukani ng'ambo ya barabara. Angeweza kwenda yeyote, pale gereji watu wamejaa. Nilikutuma wewe kwa sababu nilitaka usiwepo.

Ulipovuka nikamsogelea fundi. Nikamwambia, "Gari hili ni la zamani. Kitonga si mchezo. Huoni afadhali lisiende?"

Akasema, "Waya tu huo, mama. Naunga, hata Zambia linafika."

Nikasema, "Lakini wewe ni fundi. Ukimwambia injini imechoka, atakusikiliza."

Fundi Shomari akaacha kazi. Akapangusa mikono kwenye lile tambara lake, akanitazama, akaanza kutabasamu. Akasema, "Mama, wote wanaokuja hapa wananiomba niwazimie taa. Wewe wa kwanza kuniomba niiache inawaka."

Hakusema kwa ubaya. Nikacheka. Nikatazama ng'ambo, nikakuona unarudi, tepu mkononi, unapenya kati ya bodaboda na wabeba mizigo, unacheka peke yako, bila shaka bado unamcheka yule panya. Ulikuwa na furaha, Salha. Ulikuwa umeshaambiwa ni waya tu, kwa hiyo moyoni ulikuwa umeshafika Iringa, umeshashika mkia wa ng'ombe wa kwanza. Na mimi nimesimama pale nataka kukwambia hilo ni jua, kaa vizuri.

Nikamwambia fundi, "Unga." Alipokwisha kuinama nikaongeza, "Unga vizuri, uzungushe tepu mara mbili."

Hukujua. Sasa unajua. Ukitaka kunikasirikia, kasirika ukiwa umepaki, si ukiwa kwenye mwendo.

Kile kiota fundi alitaka kukitupa, nikamkataza. Nimekiweka dukani kwenye rafu, mbele, na leo watu watatu wameniuliza bei.

Baada ya hapo ndipo ulipoendesha kujaribu, tukazunguka mpaka Mnazi Mmoja, ukapunguza mwendo ukasema, "Hapa ndipo Kibogoyo alipokufa." Dashibodi ilikuwa safi, hakuna taa, hakuna kitambaa, mishale yote inaonekana. Nikafungua dirisha. Sijui ilikuwaje, nilijisikia msichana. Nilikutazama mikono yako kwenye usukani, umetulia, unaangalia kioo, unaangalia mbele, unawapisha watu wanaovuka, na nikataka nitoe kichwa nje nimwambie kila mpita njia kwamba huyu ni mwanangu na kesho anaondoka. Nilijizuia kwa sababu ungeona aibu. Ndiyo maana leo nimemwambia hata yule wa vifungo.

Kuna kitu kimoja nataka tukubaliane, kisha nikuache. Ukifika huko utanipigia simu kila siku wiki ya kwanza, halafu siku mbili mbili, halafu utakapokumbuka, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Nitakuuliza habari, utaniambia poa. Mara nyingi itakuwa kweli poa. Siku ambayo si poa, usinifunikie. Ingia dukani kama ulivyoingia jana, hata kama duka limejaa, useme imewaka. Sitakwambia urudi nyumbani. Nitakuuliza ni ya rangi gani.

Na mimi nikikwambia huku hatujambo wote, baba yako mzima, mimi mzima, nawe ukasikia kitu kwenye sauti yangu, maana una masikio ya hatari tangu utoto, usikae vizuri. Niambie, "Mama, jua liko huku." Nitajua umekusudia nini. Safari hii nitageuka nitazame.

Kile kitambaa cha dashibodi ninacho bado, kabatini, chini ya mashuka ya wageni. Baba yako anadhani nilikichoma. Leo nimekitoa, nikakata waridi moja, lile la pembeni kushoto, nikalizungushia uzi mpya lisifumuke, nikalifunga kwenye ufunguo wa Kibogoyo. Ni dogo, halifuniki kitu. Viti nimekuachia maua yake ya njano, kwa sababu daktari wa ng'ombe naye anahitaji kukaa pazuri. Dashibodi iache kama ilivyo. Wakikusifia kwamba mama yako anafuma na wakashangaa mbona hapo mbele hakuna kitu, waambie mama ameamua hapo pakae uchi.

Nasikia unashuka ngazi. Unaniita, unauliza chaja iko wapi. Iko mkononi mwako, nina hakika.

Kesho nitakuwa nimesimama mlangoni mwa duka pamoja na baba yako, naye atakuwa ameshazikanyaga tairi. Sema Bismillahi, fungua swichi, usipige stata kwanza. Ziache ziwake zote, uzione. Ukiinua macho utaona na uso wangu unawaka, kila taa niliyonayo, nyekundu na njano kwa pamoja. Usije ukazima gari ukashuka kwa ajili yangu. Hizo si za kusimamisha mtu, ni za kuonyesha kwamba bado nafanya kazi. Wewe tazama zile za gari. Zikizima zote, nenda.

Mimi ni mama yako, na kitabu cha gari lako.